Kipara na Kishungi

Mimi betri nazisema kama watu. Nimekaa nazo kuliko nilivyokaa na mume, na mwenye kucheka acheke. Betri ya kuchaji yenye kichwa bapa naiita Kipara. Ile yenye kidude kilichochomoza juu naiita Kishungi. Wateja wangu wamezoea. Wanaingia wanauliza, "Kipara yupo?" nami nawajibu yupo, amekula ameshiba, yaani ana chaji ya kutosha.

Tatizo ni kwamba mdogo wangu, fundi cherehani wa chumba cha nyuma, naye ni Kipara. Nywele zilimkimbia mapema, mtaa mzima ukampa jina hilo, mama yetu akiwa wa kwanza. Mambo ya betri hayajui hata chembe. Ukimtuma betri ya saa anakuletea kifungo.

Na huyu mdogo wangu alikuwa amemzimikia Mkaguzi. Mkaguzi ni dada anayekagua mitaro ya maji ya mvua, ile mikubwa ya chini ya ardhi ambayo mtu anaingia akiwa amesimama. Kila akija kwangu kwa ajili ya tochi zake, hakosi sababu ya kupita nyuma: mara kifungo kimekatika, mara suruali ya kazi inambana. Hapo cherehani inanyamaza, navisikia vicheko tu. Lakini fundi wangu kulitamka neno lenyewe, aa wapi! Sasa Mkaguzi alikuwa amehamishiwa mji mwingine na angeondoka kesho yake. Asubuhi ile nilimwambia mdogo wangu waziwazi, leo au basi tena. Akapiga pasi shati lake jeupe, akakaa nyuma ya pazia kumsubiri.

Mkaguzi akaingia na kuibwaga tochi yake mezani.

"Dada, Kipara simtaki tena."

"Kakukosea nini?"

"Hafiki. Nimemvumilia weee, lakini hafiki. Ukimtazama yupo, faida yake huioni. Nikimtikisa anashtuka kidogo, halafu analala tena."

Nikaifungua tochi. Ilikuwa mpya, ya mwanga mkali, na kile kibati cha ndani kinachopokea umeme kimezama sana. Kichwa bapa kilikuwa hakikigusi.

"Kipara ana nguvu, sikatai," nikamwambia, "ila si wa kwako. Wewe unamhitaji mwenye kishungi."

"Lakini awe wa kweli, dada. Yule niliyempata kwingine alijisifu makubwa, kumbe ndani hamna kitu."

"Wa hivyo wanajulikana kwa uzito. Ukiona sifa nyingi halafu mkononi mwepesi, mkimbie. Kazi yako inamtaka anayetoa nguvu nyingi kwa mkupuo bila kuhema. Tena awe na kinga, akizidiwa ajizime mwenyewe kabla hajakuunguza."

"Basi nitafutie huyo. Kipara arudi alikotoka."

Nyuma ya pazia mkasi ukaanguka, kisha mlango wa uani ukajibamiza. Sikujali. Nilikuwa nimeinamia maboksi, nawapima Vishungi mmoja mmoja kiganjani. Nikampata mzito, nikamjaribu kwenye chaja, nikamtia ndani ya tochi. Wa kinga huwa mrefu kidogo, kwa hiyo nilihakikisha kwanza kama mfuniko unafunga. Ukafunga. Mkaguzi akabonyeza, ukuta mzima ukawa mweupe hadi zikaonekana tandabui ambazo sikujua kama ninazo.

"Huyu ndiye!" akashangilia.

Ndipo mdogo wangu alipoingia kwa mlango wa mbele. Shati jeupe, jasho linamtiririka, na kichwani, katika jua lile, amevaa kofia ya sufu. Juu ya kofia kuna kishungi kikubwa cha nyuzi nyekundu. Alikuwa amekishona muda huohuo, maana sindano ilikuwa bado inaning'inia.

"Nimesikia yote," akasema. "Umesema sifiki. Nitafika. Hata huko unakohamia nitafika. Na kama ni kishungi, hiki hapa."

Mkaguzi akanitazama mimi. Mimi nikaitazama ile sindano. Kisha likanijia lote kwa pamoja, nikachuchumaa nyuma ya meza kwa kicheko, mbavu zinaniuma. Nilipoinuka nikayaona macho ya mdogo wangu yamelowa, na kicheko kikanikauka. Nilimhurumia mno. Nikamchukua Kipara, nikamsimamisha mezani mbele yake, na boksi la Vishungi pembeni.

"Kipara tunayemsema ndiye huyu, mpumbavu wewe."

Akaiangalia betri. Akapapasa kofia. Akageuka atoke, mbiombio, lakini Mkaguzi alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Fundi," akamwita. "Mimi nimewahi kukuita Kipara?"

Akafikiri. "Hapana."

"Mtaa mzima unakuita hivyo. Mama yako anakuita hivyo. Mimi nakuita nani?"

"Fundi."

"Basi."

Akamvua ile kofia taratibu, akaichomoa sindano na kuichomeka kwenye pazia, akaikunja kofia na kuitia ndani ya mkoba wake.

"Mwenye haja ya kishungi ni tochi," akasema. "Wewe umesema utafika. Utafika lini?"

Mdogo wangu akaduwaa, mdomo wazi, kama chaji imemwishia palepale. Mpaka nikamkanyaga mguu.

"Jumapili," akasema.