Arobaini na Nane Mbele ya Tochi

Umewahi kumwona mwanamke mwenye wajukuu akikimbia kandokando ya barabara kuu saa tatu asubuhi, anasukuma gurudumu moja lenye mpini mrefu, na kila akifika penye doa la chokaa anasimama, anainama, anasoma namba, halafu anageuka na kukimbilia alikotoka? Madereva wa malori walimpigia honi. Mmoja alitoa kichwa dirishani akamuuliza baiskeli iliyobaki ameiacha wapi. Pumzi aliyokuwa nayo ilitosha kukimbia tu.

Alikuwa mfagizi wa duka la vifaa vya magari. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kupiga deki, kufuta vumbi kwenye redio na taa na vifuniko vya usukani, na kuwachemshia wauzaji chai. Siku hiyo bosi wake alimpakia garini pamoja na vifuko vya chokaa, daftari na hilo gurudumu la kupimia mita, wakaenda kupima vinusi.

Kinusi ni kidude kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Trafiki akiwa bado mbali na tochi yake ya kupimia mwendo, kinusi kinaishika harufu yake na kuanza kulia. Dereva anapunguza, anapita mbele ya trafiki kwa adabu zote. Dukani walikuwa na aina tatu: cheusi, cha kijivu, na kile kidogo chenye mkia wa waya. Kila siku wateja waliuliza kipi kinanusa mbali zaidi, na kila siku wauzaji walijibu lolote lililowajia mdomoni. Bosi akaamua vipimwe kweli, na matokeo yabandikwe dirishani kwa herufi kubwa.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Gari linatoka mbali kwa kasi. Kinusi kikilia tu, bosi, aliyekaa kando ya dereva, anadondosha kifuko cha chokaa nje ya dirisha. Kifuko kinapasuka na kuacha doa. Mfagizi anapima kutoka penye tochi hadi penye doa, anaandika, anarudi. Mara nne kwa kila kinusi.

Tochi waliazimwa na Sajenti, na Sajenti alikuja nayo mwenyewe. Ndiyo maana mfagizi hakulalamika juu ya magoti yake. Huyo Sajenti ndiye aliyeandika taarifa ya ajali ya mumewe.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Miezi miwili nyuma gari jeupe lilimpiga alipokuwa akivuka kwenda zahanati kuchukua dawa za presha, likamvunja nyonga. Taarifa ya polisi ilikuwa ya mistari mitano tu, na mfagizi aliijua kwa moyo kama sala. Mstari wa tatu ulisema gari lilikuwa katika mwendo wa kilomita arobaini na nane kwa saa, kwa mujibu wa kipimo cha tochi. Wa tano ulisema ajali ilisababishwa na uzembe wa mwenda kwa miguu. Kwa sababu ya mstari huo wa tano, watu wa bima walirudisha barua kwamba matibabu hayawahusu. Na daktari wa mifupa alisema bila kuinua macho kwenye karatasi zake: "Mfupa haungoji, mama. Bila upasuaji, baada ya mwisho wa mwezi utakuwa umeunga upande. Itabidi kuuvunja upya, na kwa umri wake mimi siuvunji."

Zilibaki siku tisa.

Mzee mwenyewe alikuwa kitandani, ameupa ukuta uso. Maumivu aliyavumilia. Neno lilimshinda. Mtu aliyekuwa akipima kitambaa mara tatu kabla ya kushika mkasi! "Wangeandika mlevi," alimwambia mkewe, "wangeandika kichaa. Uzembe, mama watoto? Mimi?"

Basi bosi aliposema, "Nisaidie siku ya kupima, mama, halafu nitakukutanisha na Sajenti uso kwa uso, yule ni mtu wangu," mfagizi alikubali kabla sentensi haijaisha.

Walipofika, akapatambua mahali penyewe. Sajenti alikuwa ameisimamisha tochi kwenye miguu yake mitatu pale anapoiweka kila siku, kwenye kivuli cha bango la rangi za nyumba. Hatua mia mbili kupita hapo, njia ya zahanati ilikata barabara. Wanawake watatu walikuwa wamesimama ukingoni wakingoja magari yapungue. Mfagizi aliwaangalia mara moja, akageuza uso, akafungua daftari.

"Mama, usikae kama uko msibani," bosi alisema. "Twende kazi!"

Dereva aliitwa Risasi, na jina lilimpendeza. Alirudi nyuma na gari hadi likawa dogo kama kiberiti, kisha akaja. Kinusi cheusi kilichelewa kabisa. Risasi alikanyaga breki gari likayumba, matairi yakapiga kelele, na tochi ikasoma sabini na moja.

"Sabini na moja!" Sajenti alipaza sauti, anacheka. "Ungekuwa wangu leo!"

Mfagizi alisukuma gurudumu. Mita mia tatu na kumi. Ya pili mia mbili na tisini. Cha kijivu kilifika mia tano na arobaini, mia tano na sitini. Kila mara alikuwa akikimbia, maana bosi alitaka kumaliza kabla ya saa saba, na kila aliporudi alimkuta Sajenti amekaa kwenye kiti cha kukunja, anamenya karanga.

"Afande," alisema mara moja, akihema, "mimi ni mke wa yule fundi cherehani wa..."

"Kazi kwanza, mama. Maneno yana wakati wake."

Mzunguko wa nane ulipokwisha, Sajenti alichoka hata kuinuka. Akamwita. "Njoo hapa. Unaona hiki kitufe? Gari likifika kwenye kile kibao cha hamsini, bonyeza, soma namba. Hata kuku angeiweza." Kwa hiyo sasa alibonyeza yeye, akasoma yeye, akakimbia yeye, akaandika yeye.

Kikaja chenye mkia. Mfagizi alisikia mlio wa gari kwa mbali, akaona kifuko kinaanguka mbali sana, chokaa ikapanda kama moshi wa jiko. Halafu mlio ukashuka polepole, bila breki, bila papara. Gari likaja linateleza kama mtu anayeingia msikitini amechelewa. Akabonyeza.

Arobaini na nane.

Aliiangalia namba hiyo mpaka Sajenti akasema, "Soma basi, au umesahau kuhesabu?"

"Arobaini na nane," akasema.

Na hapo hapo, gari lilipoipita tochi, injini ikanguruma upya. Risasi alikanyaga mafuta hadi mwisho. Wale wanawake wa njia ya zahanati waliruka nyuma, mmoja kapu likamtoka mkononi, vitunguu vikatawanyika kwenye lami.

"Afande, sasa hivi anakwenda ngapi?"

"Sasa hivi anakwenda zake," Sajenti alisema, akipuliza maganda ya karanga kwenye kiganja. "Tochi inaangalia huku."

Gurudumu lilisoma mita mia tisa na kumi na mbili. Akarudi, Risasi akampa maji kwenye chupa. Hakuwa mtu mbaya, Risasi. Alimwita shangazi tangu siku ya kwanza dukani.

"Mwanangu, kwa nini kwa kile kingine tochi ilisoma sabini, na kwa hiki arobaini na nane?"

"Shangazi, dereva aliyeshtukizwa utamjua tu. Ama anapita mbio, ama anabana breki anaingia ishirini huku anatetemeka. Anayepita arobaini na nane, arobaini na tisa, ametulia, huyo ameambiwa mapema. Hiyo ni namba ya kinusi." Akacheka. "Ukiipita tochi unalipiza. Lazima urudishe muda wako."

Mfagizi alikunywa maji yote, akafunga kifuniko mwenyewe, akamrudishia chupa.

Mzunguko wa kumi na moja, Sajenti aliingia nyuma ya bango kukojoa. Gari likaja, likateleza, likasoma arobaini na tisa. Mfagizi akaandika. Kisha akaishika ile tochi kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye miguu yake kama unavyomgeuza mgonjwa kitandani, taratibu, akaielekeza gari linakokwenda. Akangoja lifike kwenye njia ya zahanati. Akabonyeza.

Mia na ishirini na moja.

Aliigeuza tena kabla Sajenti hajafunga mkanda wake. Kwenye daftari, pembeni ya safu zilizonyooka, aliandika: *kwenye njia ya zahanati, 121*. Aliandika kwa mwandiko wa darasa la saba, herufi zimeshikana mikono, akarudia kuikoleza wino kila namba.

Saa saba kasoro walikuwa wamemaliza. Bosi alikaa kwenye boneti, akalipitia daftari na kidole.

"Mia tisa na kumi na mbili, mia tisa na nne... Hiki ni mwisho wa maneno. Na hii ya pembeni ni nini?"

"Ni mwendo wa gari baada ya kuipita tochi, bosi. Nimeupima mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika. "Mume wangu alipigwa pale. Afande aliandika arobaini na nane kwa sababu tochi ilisoma hapa. Pale hakuna aliyesoma. Sasa mmeona wenyewe. Naomba afande abadilishe ule mstari wa tano. Mstari mmoja tu."

Risasi aliangalia viatu vyake.

Kisha bosi alipiga paja. "Sajenti, umesikia? Mia na ishirini na moja ndani ya hatua mia mbili! Hili lazima liingie kwenye tangazo. 'Pita kwa heshima, rudisha muda wako.' Mama, una akili ya biashara, wewe, nani alijua?"

"Bosi, mimi nasema habari za mume wangu."

"Najua, najua. Sajenti, msikilize mama."

Sajenti alikuwa ameshakibandua kinusi chenye mkia kwenye kioo, anakizungusha waya vizuri. Ndicho kilichokuwa ahsante yake ya kuazimisha tochi. "Mimi nikitoka eneo langu wenzangu wananipiga tochi kama mwizi," alisema, akakitia mfukoni. Ndipo akamgeukia.

"Mama yangu, sikia, nitakwambia kwa heshima maana una umri wa mama yangu. Ile taarifa inasema tochi ilisoma arobaini na nane. Ilisoma au haikusoma?"

"Ilisoma, afande, ila..."

"Ilisoma. Nikiandika leo kwamba dereva alikuwa anakimbia, nimesema tochi yangu ilidanganywa. Nikishasema hivyo, kila niliyemkamata mwaka mzima atakuja na wakili wake. Kwa ajili ya nyonga moja?"

"Haikudanganywa. Ilikuwa inaangalia upande mwingine."

"Basi na mzee angeangalia upande mwingine, asingegongwa." Akacheka kidogo, akaona bosi hacheki, akaendelea. "Gari liko arobaini na nane, mtu amegongwa. Kama dereva hana kosa, nani ana kosa? Lazima neno liandikwe, mama. Karatasi haiachwi wazi. Na huo mchezo wa kushika mali ya serikali na kuigeuza geuza, mimi sikuuona. Ningeuona, leo ungelala ndani."

"Siku tisa, afande. Mfupa utaunga upande."

"Faili limeshapanda juu. Liko kwa wakubwa." Alianza kukunja miguu ya tochi, mmoja baada ya mwingine. "Mwambie mzee apone. Atembelee fimbo, wazee wengi wanatembelea fimbo."

Bosi alirarua ule ukurasa kwenye daftari, akaukunja mara nne, akautia kwenye mfuko wa shati kwa ajili ya mchoraji wa matangazo. Mfagizi aliufuata kwa macho mpaka ulipoingia.

"Bosi, niachie huo niupeleke bima."

"Huu? Huu ni siri ya biashara, mama. Washindani wangu wangeua mtu kwa ajili yake." Alishuka kwenye boneti, akajipangusa suruali, akamwona jinsi alivyosimama, chokaa imemjaa hadi kwenye nyusi, gurudumu bado mkononi. Akalegeza sauti, kama mtu anayesema na mtoto aliyeanguka. "Haya, usituvimbishie uso. Umefanya kazi ya wanaume wawili leo, mimi nimeona, na Sajenti ameona. Mimi si mtu wa kusahau. Sema basi unataka nini. Sukari? Siku mbili za kupumzika? Sema tu."

Sajenti naye alingoja, tochi begani, anatabasamu kwa ajili ya wema wa rafiki yake.

Mfagizi aligeuka akaitazama njia ya zahanati. Yule mwanamke wa vitunguu alikuwa amerudi kutoka zahanati, anaokota vilivyobaki, kimoja kimoja. Anaingia barabarani hatua mbili, gari linapita, anarudi nyuma, anaingia tena. Alimtazama mpaka akavimaliza.

"Nataka afande avuke," alisema.

"Avuke nini?"

"Barabara. Pale, kwenye njia ya zahanati. Avuke anatembea, asikimbie." Aliliweka gurudumu chini, akajifuta chokaa mdomoni kwa mgongo wa mkono ili asikike vizuri. "Na wewe, bosi, ukae kando ya Risasi, mpite hapa arobaini na nane."