Kumchagulia Geresoni Pikipiki

Geresoni alipokuja kuomba achaguliwe pikipiki, Vaileth alikuwa bombani anaosha gamboti zake, na nusura ammwagie ndoo nzima ya maji ya mavi ya ng'ombe. Alijizuia. Akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akatabasamu. Mtu yeyote anayemfahamu Vaileth angeliona lile tabasamu angekumbuka ana shughuli mahali pengine, lakini Geresoni hakuwa mtu wa kuwatazama wenzake usoni.

"Ugonile, dada Vaileth."

"Salama, kaka Geresoni. Karibu kiti."

Akakaa, akavua kofia, akaeleza shida yake. Gari alishaliuza. Shamba lake la maparachichi lilikuwa juu kabisa mlimani, njia ni tope na mawe, na miguu ilikuwa imeanza kumgomea. "Sasa nataka pikipiki ya matopeni, dada. Lakini mimi hata baiskeli sijawahi kupanda. Nilitoka kwenye miguu nikaingia moja kwa moja kwenye gari. Nikajiuliza, Mpuguso hii nani anazijua pikipiki kama Bibi Mifugo? Nimekuja kwako tu. Utakayosema ninunue, nitanunua."

Hapo alisema kweli, maana hakuna aliyezijua kama yeye. Vaileth alikuwa afisa mifugo wa kata, na tangu akiwa msichana alikuwa akizunguka vijiji na boksi la chanjo limefungwa nyuma ya pikipiki, mvua inyeshe, ukungu ushuke, ng'ombe wa mtu akikwama kuzaa yeye anafika. Watu wazima waliotaka kujifunza walikwenda kwake. Prisca, muuguzi wa zahanati, alifundishwa naye kwenye kiwanja cha mpira kule Msasani ya huku milimani, na mpaka leo hajaanguka.

Lakini kuna jambo jingine Vaileth alilijua, na Geresoni alijifanya halijui.

Miaka michache nyuma, wakati wa masika, mama yake Vaileth alizidiwa na kifua. Vaileth akampakia kwenye pikipiki, akamfunga mgongoni kwake kwa khanga kama mtu anavyombeba mtoto, akaanza kupanda kwenda hospitali mjini. Walipofika kwenye kona ya mikaratusi, tope likakataa. Tairi likazunguka pale pale, wakateleza, wakaketi kwenye majani na mvua inawapiga. Ndipo ikaja pikapu ya Geresoni, inapanda na ndizi za sokoni. Nyuma mikungu imejaa. Mbele alikuwa peke yake, kiti kitupu, na juu ya kiti kile koti lake limekaa kama abiria. Vaileth akasimama katikati ya barabara na mikono juu. Geresoni akashusha kioo kidogo, akamtazama bibi kizee aliyelowa, akatazama koti lake na kiti chake.

"Hapatoshi, dada," akasema. Akapandisha kioo, akaondoka.

Mama alikata roho pale pale kwenye majani, kabla gari jingine halijatokea. Na msibani Geresoni alikuja, tena mapema, akaleta mkungu wa ndizi, akakaa na wanaume, akala nyama akashiba, akasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Vaileth hakumwambia mtu. Hakutaka kuombwa radhi mbele ya wazee halafu mambo yaishe kwa soda na kupeana mikono. Alitaka Geresoni aumie. Alilitaka jambo hilo alipolala na alipoamka, na kila alipopita kwenye ile mikaratusi alilitaka upya.

Na sasa huyu hapa, amejileta mwenyewe, amevua na kofia.

"Nitakuchagulia," alisema Vaileth. "Tena nzuri."

Kesho yake walikwenda Bulyaga, kwa Ackson, anayeuza pikipiki zilizotumika nyuma ya gereji. Siku hiyo zilikuwapo mbili za matopeni. Moja ilikuwa ndogo, ya bluu, rangi imebabuka, kiti kiko chini, injini yake pole. Vaileth aliiona akajua mara moja kwamba ndiyo. Mtu anayeanza ukubwani anahitaji hiyo hiyo: akikaa nyayo zote mbili zinagusa ardhi, ikianguka anaiinua mwenyewe, akikosea mafuta haimrukii. Nyingine ilikuwa nyekundu, ndefu, imesimama juu kama mbuni. Ilikuwa ya kijana mmoja wa Mbeya aliyekuwa akishindana nayo milimani mpaka mama yake akamlilia aiache. Ile ukiigusa mafuta kidogo tu, imeshafika mbele na wewe umebaki nyuma.

"Mzee ni mara ya kwanza?" aliuliza Ackson. "Basi mpe hii ya blu..."

Vaileth akamtazama. Ackson alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na wote wawili walizalishwa na Vaileth. Ackson akaenda kutafuta kitambaa cha kufutia taa.

"Hiyo ya bluu ni ya wanawake," Vaileth alisema. "Prisca anayo kama hiyo."

Alikuwa amepiga penyewe. Geresoni aliondoa mkono kwenye ile ndogo kana kwamba imemwunguza, akaenda kwenye nyekundu. Akarusha mguu mara ya kwanza ukagonga kiti, mara ya pili akafika. Akabaki juu, vidole vya mguu mmoja vinaigusa ardhi kwa shida na mguu mwingine unaning'inia.

"Dada, mbona sifiki chini?"

"Miguu ya nini chini? Wewe unapanda pikipiki au unapanda mahindi? Ukiwa juu unaona mbali."

"Na uzito huu?"

"Uzito ndio unaoishikilia kwenye tope. Nyepesi inapeperushwa."

Kila neno alilowafundisha watu miaka yote, Vaileth aliligeuza kichwa chini miguu juu, akampa Geresoni akameza. Hata yeye alijishangaa jinsi lugha ilivyokuwa ikimtiririka. Hakuona aibu. Aliona raha, raha ile ya mtu anayekuna mahali palipomwasha muda mrefu. Geresoni alinunua nyekundu, na Ackson alipopokea fedha hakuweza kumtazama mtu yeyote.

Kwa siku kadhaa Vaileth alisubiri habari. Habari haikuja. Geresoni alikuwa ameifunika pikipiki kwa turubai, hataki kuiwasha mpaka iombewe, maana Felista, mkewe, alikuwa amesema chombo hakitoki uani bila sala. Jumamosi wakamwalika mwinjilisti, wanakwaya na majirani, na Vaileth naye, tena akawekwa mbele. Alikwenda. Nani angekosa?

Mwinjilisti aliomba kwa urefu. Aliombea matairi, akaombea breki, akaombea na mikono itakayoshika usukani. Kisha akasema, "Na tumshukuru Mungu kwa dada yetu aliyeichagua."

"Ndaga fijo, asante sana, dada!" Geresoni akadakia, sauti juu, suti imembana. "Na mimi nimeshasema na mke wangu. Aliyenichagulia ndiye abiria wangu wa kwanza. Tunashuka mpaka dukani, tunarudi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Vaileth akaitazama ile pikipiki ndefu.

Angesema nini? Kwamba anaogopa pikipiki, yeye Bibi Mifugo? Kwamba anaogopa dereva, mbona basi amemchagulia ile? Angeweza kusimama na kusema kweli: pikipiki hii itamuumiza, nimempa makusudi. Felista alikuwa anamtazama kwa uso wa shukrani, mikono amekunja kifuani. Vaileth alifungua mdomo, na hasira yake ikamfunga. Kusema kweli kulikuwa na maana ya kumsamehe huyu mwanamume mbele ya watu, na hilo hakuwa tayari. Afadhali kupanda.

Akapanda. Akakaa nyuma ya mtu ambaye yeye alimchukia kuliko wote duniani, na kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kushika, akamkumbatia kiunoni.

Geresoni aliachia klachi yote kwa mara moja. Gurudumu la mbele likanyanyuka, umati ukapiga kelele ukidhani ni mbwembwe, na pikipiki ikatoka uani kama ng'ombe aliyechomwa sindano. Wakashika mteremko. Hapo Vaileth alisahau kisasi chote akaanza kufundisha kwa ukali.

"Punguza mafuta! Punguza! Usikanyage breki yote, gusa, gusa! Tazama mbali, usitazame tairi!"

"Ulisema..."

"Sahau nilichosema! Fuata ninachosema!"

Na Geresoni alifuata. Ndilo lililokuwa la kushangaza. Alikuwa anatii kila kitu, na kwa kipande kirefu cha barabara walikwenda sawasawa kabisa katikati ya mashamba ya chai. Kama ingekuwa ile ya bluu, wangefika dukani na kunywa soda. Lakini penye kona ya mikaratusi maji yalikuwa yamekata barabara, na Geresoni akaona asimame kwanza atazame. Pikipiki ikasimama. Akapeleka mguu chini. Mguu ukatafuta ardhi, haukuipata.

Wakaenda upande, taratibu, kama mti unavyoanguka. Vaileth alijua kuanguka. Aliruka, akafikia magoti. Geresoni hakujua. Alikwenda nayo mpaka mtaroni, ndani ya matete, na chuma chote kikamlalia mguu. Ulisikika mlio, na haukuwa wa chuma.

Vaileth alizima injini, akasimama kando ya mtaro. Mvua ilianza. Mikaratusi ilikuwa ile ile na majani yale yale.

"Dada," alisema Geresoni toka chini, uso umekuwa wa majivu. "Mguu, dada. Niondolee."

Hakumwondolea. Tuseme ukweli: alifurahi. Furaha ilimjaa mpaka kooni, akasimama kuionja, na mvua inamwingia shingoni. Alitaka aumie, ameumia. Alitaka pawe hapa, pamekuwa hapa. Nyumbani kwa Geresoni watu walikuwa wakila pilau wakijua wamekwenda dukani, na hakuna aliyekuwa na haraka nao.

Ndipo akasikia gari linapanda.

Ilikuwa pikapu, imejaa ndizi nyuma. Geresoni naye aliisikia, akajaribu kuita, lakini sauti ilitoka kama ya kifaranga na matete yalikuwa yamemfunika kabisa. Gari likasimama karibu na Vaileth. Kijana akashusha kioo. Kando yake kiti kilikuwa kitupu.

"Mama, vipi? Mbona unalowa peke yako?"

Ilitosha kusema hakuna kitu. Ilitosha hata kukaa kimya na kumpungia mkono aende. Vaileth alikitazama kile kiti. Alikitazama muda mrefu mpaka kijana akaanza kuingiwa na wasiwasi. Furaha yake bado ilikuwapo, lakini sasa ilikuwa inataka kitu zaidi ya mguu.

"Kuna mtu mtaroni," alisema. "Shuka unisaidie."

Waliinua pikipiki wote wawili. Vaileth akavunja fito mbili, akaupanga ule mguu, akaufunga kwa kitenge chake. Miguu ya ndama alishafunga mingi, na huyu alilia kuliko ndama yeyote. Kijana akafungua nyuma ya gari.

"Tumlaze juu ya ndizi, mama."

"Hapana. Akae mbele."

"Mbele? Mguu wenyewe huo, na wewe unakwenda naye. Mbele hapatoshi, mama."

Geresoni alifumba macho. Vaileth aliona jinsi alivyoyafumba, akajua kwamba miaka yote hii hakuwa amesahau hata neno moja.

"Patatosha," alisema.

Wakamwingiza Geresoni katikati, mguu umenyooshwa chini ya redio. Vaileth akaingia, akambana kwa nyonga, akavuta mlango ukakataa, akavuta tena kwa nguvu ukafungika. Ile nyekundu waliiacha imelala kwenye mvua. Gari likapanda kuelekea mjini, vifuta kioo vinakwenda na kurudi, mpaka mikaratusi ikabaki nyuma.

"Unaona, kaka Geresoni?" Vaileth alisema kwa upole, mdomo karibu na sikio lake. "Tumetosha. Na mama yangu alikuwa mwembamba kuliko wewe."

Geresoni alianza kulia, mabega yanamtikisika, hakuwa na nafasi hata ya kuinua mkono afute machozi.

"Jikaze, mzee," alisema yule kijana akiongeza mwendo, maana alidhani ni mguu. "Hospitali si mbali."