Bahasha ya Meza ya Tatu

Shirikisho la sataranji lilipokuwa linahama ofisi, lilimwita Bi Katibu aje kuchambua makabati. Alikuwa amestaafu miaka tisa, lakini kilichomo humo alikijua yeye peke yake. Akaketi sakafuni kama msichana, akaanza kufungua mafaili.

Kila karatasi ilimrudisha mbali. Ratiba alizopiga taipu kwa vidole viwili. Barua za nchi asizowahi kuzikanyaga. Picha ya ukumbi wa chuo, mwaka ule nchi kumi na moja zilipokuja kwao kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Viti vilikuwa vya kuazima, lakini kimya kilitanda hadi ukasikia mtu akimeza mate.

Chini ya picha palikuwa na bahasha ya kaki, imeandikwa "Meza ya Tatu", imefungwa kwa gundi na kusainiwa na watu watatu. Aliitambua mara moja.

Siku hizo mchezo ukirefuka uliahirishwa. Mwenye zamu aliandika kwa siri atakavyosogeza kete yake, karatasi ikafungwa, ikafunguliwa kesho yake. Aliyeandika hii alikuwa mgeni mmoja mpole, akipambana na kaka yake Bi Katibu, ambaye wote walimwita Farasi kwa jinsi alivyopenda kete hiyo. Alfajiri mgeni akapata habari kwamba amefiwa na mama yake, akaondoka na ndege ya kwanza. Kanuni ni kanuni: Farasi akapewa ushindi, akawa bingwa. Hakuufurahia hata siku moja.

"Watu wa mpira wana ushindi wa mezani," alizoea kusema. "Mimi nimepata wa mezani nikiwa mezani!"

Bi Katibu akampelekea bahasha.

"Shikamoo, kaka. Tuifungue?"

"Marahaba. Usiiguse! Mwenyewe yu hai?"

Ilichukua siku tatu, katibu huyu akimuuliza katibu yule, mpaka namba ikapatikana. Asubuhi ya Jumamosi simu ikawekwa mezani, sauti juu. Mgeni alikuwa na sauti ya uzee sasa, lakini alicheka alipowatambua. Farasi akapanga kete bila kutazama popote. Zilikuwa kichwani mwake miaka thelathini na moja.

Bi Katibu akachana bahasha, akasoma: ngome inapanda hadi mstari wa saba.

Farasi akashika kichwa. "Hiyo hiyo! Ndiyo niliyoiogopa. Ulikuwa umenimaliza, bwana."

"Nani, mimi?" mgeni akashangaa. "Ndani ya ndege nilikuwa na ubao wa mfukoni. Nikaona farasi wako anakuokoa. Mtazame vizuri."

Farasi akatazama. Akatazama tena. Kisha akamrusha farasi katikati ya ubao.

Wakaendelea, Bi Katibu akitaja miendo na kuiandika kama zamani. Kabla ya saa sita mchana, ubao ulibaki na wafalme wawili tu. Sare. Farasi akafuta macho kwa kiganja, akicheka.

Halafu akaigeukia simu.

"Ndugu yangu, pole kwa mama. Sikuwahi kukupa pole."



"Asante," mgeni akasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha kucheza."

"Hebu nisimulie habari zake," Farasi akasema, akaisogeza simu karibu.

Bi Katibu akainuka polepole kwenda kuchemsha chai, akawaacha wazee wale wazungumze.