Kicheko cha Mama Stempu

Jumatatu asubuhi bosi aliingia ofisini, akatundika koti, akasimulia kichekesho cha mbuzi aliyekwenda benki kufungua akaunti. Tangu enzi za taipureta, kichekesho hicho kilipokelewa na katibu muhtasi, aliyeitwa Mama Stempu, kwa kicheko kilichomfikia hadi tarishi kule chini. Lakini Ijumaa iliyotangulia Mama Stempu alikuwa amepunguzwa kazi. Barua, simu, mafaili na miadi, vyote vilikabidhiwa mashine yenye akili, nayo ilivimaliza kabla chai haijapoa. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Hakuna aliyecheka. Kichekesho kikabaki hewani, kikubwa kama mto wa kulalia, kina unyevunyevu kidogo, kikawa kinagongagonga feni.

Jumanne kilikuja cha mlevi na mlango wa jirani, kikaziba dirisha. Bosi akaiagiza mashine icheke. Ikacheka vizuri tu, kwa sauti ya mwanamke aliyesoma, kisha ikauliza kama angependa vichekesho vingine vitano vya aina hiyo. Mlevi hakudanganyika. Alitetemeka kidogo, akazidi kunenepa.

Kufikia Alhamisi wateja walikuwa wanaingia kwa kutambaa. Mhasibu, ambaye hesabu zake nazo zilishachukuliwa, alipewa fagio avisukume vichekesho visiguse taa. Fundi wa feni alikuja, akatazama juu, akafunga mkoba wake.

"Hii si kazi yangu," alisema. "Mtafuteni mtu wa kucheka."

Wakampigia Mama Stempu. Alikuja na binti yake, aliyekuwa ametoka chuoni na cheti cha uhazili. Bosi alikuwa amemwahidi zamani kwamba binti akimaliza masomo, meza yake iko pale karibu na dirisha. Kwa ajili ya meza hiyo Mama Stempu alivumilia mengi, huyo mbuzi akiwa wa kwanza.

Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akacheka. Wacha wee! Kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, akashika ukuta, akafuta machozi. Mbuzi akapasuka, pwaa! Mlevi akafuata. Mhasibu akaambukizwa, tarishi akapanda ngazi akicheka asijue anacheka nini, na wateja waliokuwa wametambaa sasa wakabingirika. Feni ikaanza kuzunguka.

"Unarudi kazini," bosi alisema. "Kucheka tu, asubuhi na baada ya chai."

"Na barua zangu, bosi?"

"Barua hata mashine inaandika, Mama."

Miaka yote hiyo Mama Stempu alidhani analipwa kwa barua, na kicheko anakitoa bure, kwa adabu tu. Ilimuuma sana. Akaupakata mkoba wake.

"Na meza ya binti yangu?"

Bosi alikipokea cheti, akakirudisha bila kukisoma.

"Anacheka vipi?"

Jioni walisimama jikoni, mama na mwana.

"Mama, mimi nimesomea hatimkato."

"Najua, mwanangu. Legeza mabega. Haya, mbuzi akaenda benki..."

Binti alicheka kama mtu aliyepaliwa na maji. Wakarudia. Mara ya tatu alimwona mama yake ameshika mwiko, anamwigiza mbuzi akiweka saini kwa kwato, wakaanguka wote wawili sakafuni, hoi. Mara ya mwisho binti alicheka kwa uchungu, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Jumatatu akaajiriwa, sauti ya pili.

Sasa wanarudi nyumbani pamoja, koo zimekauka. Juzi bibi yake binti, ambaye anachekesha kweli, alisimulia mezani kisa chake na kinyozi. Kilikuwa kitamu hasa. Mama na binti walitazamana, wakatafuta kicheko, wapi! Kichekesho kikatua ukingoni mwa bakuli, kidogo kama yai, bado kina joto. Binti akakisogeza kando kwa kijiko, akampa mama yake chumvi, wakaendelea kula.