Jenereta Iliyoshuka Kibera

Nani aliwadanganya watu wa Kibera kwamba kila chopa imebeba mheshimiwa? Wanasiasa wenyewe. Wametuzoesha hivi kwamba ikinguruma angani tu, watu huacha sufuria motoni na kukimbilia uwanjani wakagawiwe unga na tisheti.

Siku hiyo chopa ilibeba jenereta ya zahanati yetu, ikining'inia chini yake kwa kamba ya chuma, maana lori haliwezi kupenya vichochoroni. Akina mama walikuwa wamechoka kuzalishwa kwa tochi ya simu. Saa hiyo Nzilani, binti wa jirani yangu Mumbua, alikuwa humo ndani na uchungu, na wodi giza tupu.

Mimi, Adhis, ndiye niliyekuwa chini na redio, nikimwelekeza rubani. Tulikuwa tumeondoa mawe yote juu ya mapaa na kuyafunga mabati kwa waya, upepo wa chopa usirushe kitu. Uwanja wa zahanati ulikuwa mweupe, hauna mtu. Nikajiona mjanja.

Chopa ilipotokeza juu ya maghorofa ya Nyayo Highrise, umati ukakata utepe niliozungushia uwanja na kujaa ndani.

"Tokeni! Hiyo kitu ikianguka itawaua!" nikafoka.

"Wacha ubinafsi, Adhis!" Mumbua akanijibu, beseni mkononi. "Mjukuu wangu anakuja. Unataka akule nini?"

Hasira zilinipanda. Chuma kizito kile juu ya vichwa vyao, nao wanakinyooshea mikono!

"Billy, usishuke," nikamwambia rubani.

"Mafuta inaisha, Adhis. Wasipotoka sasa, narudi nayo Wilson Airport."

Niliona kusihi ni kupoteza muda. Nikachukua kipaza sauti.

"Mheshimiwa anashukia soko la Toi! Unga iko Toi! Hii ni ya mafundi!"

Uwanja ulihama. Mumbua alitangulia, na hata Mzee Lazarus, ambaye goti humzuia kufika kanisani, alichanja mbuga.

Nikampungia Billy mikono. Jenereta ikatua polepole kwenye saruji, ndoano ikaachia, na hakuna aliyekwaruzwa hata kidole. Niliruka kwa furaha peke yangu kama mwendawazimu.

Walirudi kutoka Toi wakinitukana.

"Muongo wewe!" Mumbua alinijia juu. "Mheshimiwa ako wapi?"

Kabla sijajibu, fundi akawasha jenereta. Madirisha ya wodi yakang'aa yote. Mumbua akayatazama, akalitupa beseni na kukimbilia mlangoni.

"Nzilani! Stima imekuja, mama! Sukuma!"