Gari Limelalaje?

Mimi sipendi kuulizwa swali moja mara mbili. Hyasinta, mke wangu, analijua hilo kwa miaka ishirini na sita ya ndoa, lakini juma lile aliniuliza kila asubuhi, huku akinisugua goti kwa mafuta ya kondoo: "Baba, umeshamwambia mama Tariq?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikishamwambia utajua."

Basi ananibinya makusudi palepale penye maumivu, napiga yowe, anacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Goti lenyewe ni la kushoto, la klachi. Miaka thelathini nimeendesha wageni, kushuka kreta ya Ngorongoro na kuipanda, na mguu huo ndio uliokuwa unakanyaga klachi kutwa nzima. Mwaka jana ukaanza kuuma. Mwaka huu ukaanza kuniacha. Yaani nakanyaga vizuri, halafu katikati nguvu zinakatika, mguu unarudi wenyewe bila kuniomba ruhusa. Sikumwambia mtu ila Hyasinta. Dereva wa Karatu asiye na mguu wa klachi ana kazi gani? Akapalilie maharage? Shamba letu la Ganako analilima Hyasinta, na hanitaki humo, anasema nakanyaga miche.

Mama Tariq ni Mwanamwema, bosi wangu. Ana duka la jumla mjini Karatu, na nyuma ya duka kuna uwanja wa magari aliouacha marehemu mumewe, Talha. Talha alikuwa mtu kweli, Mungu amrehemu. Hakukuuliza habari za asubuhi. Alikuja na kofia yake na kikombe cha chai ya tangawizi, akauliza, "Limelalaje?" Alikusudia gari. Dereva, kabla ya kuwasha, alitakiwa kupitisha mkono kati ya tairi na madigadi, pembe zote nne. Vidole vinne vikiingia sawasawa kila pembe, gari limelala vizuri. Pembe moja vikiingia vitatu, kuna kitu kimechoka chini, na gari halitoki. Ukimdanganya Talha kwa hilo, siku hiyohiyo unarudisha funguo. Alimfukuza binamu yake wa damu, na mama yake Talha akanuna mwaka mzima.

Alipofariki, magari yakauzwa, likabaki moja la kuzungukia mjini. Ikawa miaka miwili ya duka tu. Ndipo mwaka huu mama Tariq akapata kazi ya wageni matajiri, wale wanaotaka kuzunguka wiki mbili nje ya barabara: Kakesio, Malambo, mpaka Natron, kwenye njia ambazo hata punda anafikiri kwanza. Kampuni moja ya Arusha ilikuwa inafunga, ikamletea magari mawili ayajaribu kwa juma moja. Alikuwa na uwezo wa kununua moja tu.

"Mzee Bartolomeo," akaniambia, "chagua wewe. Utakalosema ndilo nitakalonunua. Naweka humo kila alichoniachia marehemu, sina kingine. Na dereva wake utakuwa wewe."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Maana kuanzia Mto wa Mbu hadi geti la Ngorongoro, mtu akitaka kununua gari la porini huja kuniuliza mimi. Sina shamba kubwa, sina nyumba ya ghorofa. Nina hilo tu, kwamba nikisema gari ni zima, ni zima.

Sasa nikuambie kuhusu hayo magari. La kwanza lilikuwa la kijani, refu, limeongezwa mwili kwa nyuma, springi za vyuma, gia za mkono, na klachi nzito jamani! Ndani hakuna mambo mengi. Likivunjika kitu Kakesio, unafunga kwa waya na mpira wa tyubu, unarudi nyumbani. La pili lilikuwa jeupe. Ala! Viti vya ngozi vinavyopata moto ukitaka, friji katikati, kamera kila upande, kioo kama televisheni kinachokuonyesha mlima umeinama kiasi gani. Chini halina springi. Lina mifuko ya mpira iliyojaa upepo, unabonyeza kitufe gari linainuka lenyewe, unabonyeza tena linakaa. Na halina klachi. Otomatiki. Mguu wa kushoto unapumzika kama mgeni aliyelipa.

Dereva mwingine wa mama Tariq, Inosenti, alilizunguka lile jeupe akipiga picha. Inosenti ana miaka thelathini na miwani mitatu. Anaendesha na muziki, anaongea na wageni akiwa amewageukia, na anamwita kila mtu "kiongozi". "Kiongozi," akaniambia, "hili ndilo gari. Lile la kijani ni trekta." Nikamwambia aondoke mbele ya macho yangu.

Jumanne nikalipeleka jeupe Kakesio. Nilikwenda na Loserian, mtu wa hukohuko, rafiki yangu tangu tulipokuwa na nywele nyeusi. Yeye ndiye anayetuonyesha makorongo yapi yanapitika, na akisema hapa pana shimo, pana shimo. Tulipita Endulen, tukaingia kwenye vumbi lile jepesi kama unga, linaloingia mpaka kwenye meno. Jeupe likapita kote bila kelele. Loserian alikaa amejifunga shuka yake ya lubega, akajaribu kile kiti cha moto, akaruka. "Linachoma makalio hili! Ni la nini?" Tulicheka mpaka machozi. Goti halikuuma hata mara moja. Kurudi, kwenye msitu wa ukingo wa kreta, nilitamani kuimba. Nikasema moyoni, Barto, umepata miaka mingine mitano.

Jumatano asubuhi nikafika uwanjani, ukungu umetanda, nikapitisha mkono. Mbele kushoto, vinne. Mbele kulia, vinne. Nyuma kushoto, vinne. Nyuma kulia, vitatu.

Nikapitisha tena. Vitatu, na cha tatu kiliingia kwa shida.

Nilijua mara moja. Mfuko wa nyuma ulikuwa unavuja, taratibu, usiku kucha. Vumbi la Kakesio lilikuwa limeingia kwenye mpira, au mpira ulikuwa umechoka kabla, sijui. Ninachojua ni kwamba mfuko ule ukipasuka porini, gari linakalia tairi na haliendi popote. Hapo hakuna waya wala mpira wa tyubu. Mnakaa na wageni wenu mpaka mfuko uagizwe nje ya nchi. Na mkiwa kwenye mteremko mkali, Mungu apishe mbali. Nikawasha injini. Kompresa, ile pampu yake ya upepo, ikanguruma, nyuma kulia kukapanda, vinne. Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Nikafuta mkono kwenye suruali, na sikusema kitu.

Ndiyo, mimi. Usinitazame hivyo. Nilijiambia nitanunua kompresa ya mkononi, nitatembea nayo, nitakuwa naangalia kila asubuhi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Alhamisi ilikuwa zamu ya kijani, njia ileile, na Loserian yuleyule. Mpaka Endulen nilivumilia. Baada ya hapo kila gia ilikuwa kisu. Jasho lilinitoka na baridi yote ile ya Juni. Loserian alinitazama mara moja, akatazama mbele. Tulipofika korongo la pili, lile lenye mawe makubwa, nikaweka gia ndogo, tukaanza kupanda ukingo. Gari lilikuwa linapanda vizuri kabisa, sina la kulilaumu. Jiwe likatuzuia, nikakanyaga klachi nibadilishe, na mguu ukaniacha.

Injini ikazima. Tukaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki, lakini mawe yalikuwa yanaviringika chini ya tairi, na nyuma yetu kulikuwa na shimo lenye kina cha nyumba. Loserian alikuwa ameshafungua mlango. Sijui aliruka saa ngapi. Niliona lubega ikipita kwenye kioo, kisha nikasikia jiwe alilolisukuma likigonga tairi la nyuma, gari likasimama limeinama. Nilibaki nimeshika usukani.

Loserian akaja dirishani, amechubuka mkono. "Ni mguu," akasema.

"Ni mguu."

"Tangu lini?"

"Mwaka huu."

Akafuta damu ya mkono kwa lubega. "Bartolomeo, wewe ni ndugu yangu. Sitamwambia mtu, hilo ni lako la kusema. Lakini gari unaloendesha wewe sipandi tena."

Akanisaidia kulitoa pale, akinishikia mawe, halafu akachukua fimbo yake akatembea kwenda kwao. Hakugeuka. Nilirudi Karatu peke yangu, nikibadilisha gia kwa kuusukuma mguu chini kwa mkono, nalia. Nalia kweli, mtu mzima.

Ungedhani baada ya hapo ningesema. La hasha. Niliogopa zaidi. Nikaona hakuna njia nyingine kwangu ila lile jeupe. Ijumaa nikafika uwanjani kabla duka halijafunguliwa, nikaliwasha, nikasubiri mpaka pembe ya nyuma ikapanda, nikazima. Kisha nikaingia dukani kwa mlango wa nyuma. Mama Tariq alikuwa amekaa kati ya magunia ya sukari, amejitanda mtandio wake mweupe, chai mbele yake.

"Haya, mzee wangu," akasema. "Lipi?"

"Jeupe."

"Kwa nini?"

Nikampa sababu. Ninajua kupanga sababu. Wageni wa siku hizi wanataka starehe, lile la kijani litawavunja mgongo, jeupe linapita kote, nimelijaribu Kakesio nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umelikagua?"

"Nimelikagua."

Akainua kikombe, akakishusha bila kunywa. "Limelalaje?"

Tangu Talha afariki, nilikuwa sijalisikia swali lile kinywani mwa mtu. "Limelala vizuri," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Halafu machozi yakamtoka, na nikajua mara hiyohiyo kwamba nimekwisha.

"Leo nilipotoka kwenye swala ya alfajiri nilipitisha mkono mwenyewe," akasema. "Marehemu alinifundisha, hukulijua hilo. Vitatu, nyuma kulia. Hata jana vilikuwa vitatu. Nikasema moyoni, sitamuuliza, Bartolomeo ataniambia. Nikakaa pale dirishani. Ukaja, ukaliwasha, ukasubiri lipande, ukalizima."

"Mama Tariq..."

"Ngoja. Na goti lako nalijua tangu Ramadhani. Unashuka garini umeshika mlango kwa mikono miwili, unadhani mimi ni kipofu? Watu wa Arusha walitaka kuniletea ya gia za mkono yote mawili. Mimi ndiye niliyewaomba waniletee lisilo na klachi. Kwa ajili yako, mzee. Ungeniambia linavuja, ningewaambia wabadilishe mfuko, au waniletee lingine la namna hiyo. Ungeniambia mguu unauma, ningekupeleka hospitali. Kilichokuwa kimebaki ni wewe useme tu."

Nje mtu alikuwa anagonga mlango anataka unga, mama Tariq hakwenda kufungua.

"Safari ya kwanza ni Jumatatu," akasema, "na mwanangu Tariq anakwenda nayo. Anataka kuijua kazi ya baba yake. Nakuuliza kwa mara ya mwisho, na safari hii nijibu. Yeye umpandishe lipi?"

"La kijani," nikasema. Jibu lilitoka lenyewe.

"Litamfikisha?"

"Litamfikisha, na litamrudisha."

"Nani aendeshe?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Kupitia mlango wa nyuma nilimwona Inosenti akifika, miwani kichwani, anapiga mluzi. Mtu anayewageukia wageni akiwa kwenye usukani. Lakini mguu wake wa kushoto ni mzima, na sijawahi kumsikia akiongopa juu ya gari.

"Inosenti," nikasema. "Ila azime muziki."

Nikaweka funguo zote mbili mezani, karibu na kikombe chake. Akanishukuru kwa adabu, kama anavyomshukuru mteja. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nilikwenda Ganako kwa miguu, nikipumzika kila penye jiwe la kukalia. Hyasinta alikuwa shambani, ameinama. Aliponiona nakuja bila gari, saa ambayo si yangu, akajinyoosha na jembe mkononi.

"Umeshamwambia?"

"Alikuwa anajua," nikasema. "Anajua siku zote."

"Sikukuuliza kama anajua, baba. Umemwambia?"

Mimi sipendi kuulizwa swali moja mara mbili. Nilisimama pale pembeni ya maharage yake, mguu unanicheza, yeye ananisubiri.

"Sikumwambia," nikasema.