Uvunguni mwa Tangi la Hobart

Mabomba yakiganda Januari, aliyeingia uvunguni mwa nyumba alikuwa Oleta. Paka akizaa huko chini, Oleta. Mumewe, Hobart Vance, jitu la kilo mia na thelathini, husimama uani na tochi mkononi, wala hainami hata kuchungulia. Majirani wa bonde la Lick Fork walimcheka mpaka wakachoka. Wacheke tu. Wao hawakulala naye chumba kimoja, taa ikiwaka usiku kucha, kwa miaka ishirini na miwili tangu paa la mgodi wa makaa ya mawe lilipomfunika kwa saa kumi na tisa. Kijiko kikianguka chini ya meza, Hobart alichukua kingine.

Ndiyo maana Oleta hakusema hapana siku tangi la samaki lilipokuja. Hobart alilinunua kwa daktari wa meno aliyekuwa akifunga ofisi: kioo kirefu kuliko kitanda, galoni mia na themanini, na samaki wawili wanene wenye sura za kununa. Jumlisha maji, kioo, mawe na meza yake, ni karibu tani moja. Jioni, Hobart akikaa mbele yake, mikono yake iliacha kutetemeka. Mke gani angekataa?

Lakini nyumba yao ilikuwa ya kiwandani, zile zinazoletwa na lori zikiwa nzima na kutuliwa juu ya nguzo za matofali. Nguvu yote imo katika vyuma viwili vinavyopita chini kwa urefu wake. Nje ya vyuma hivyo kuna boriti nyembamba tu, na juu yake sakafu ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Mwenye akili huweka mzigo juu ya chuma. Hobart aliuweka ukutani, chini ya dirisha, kwa kuwa hapo ndipo alipoweza kuuona akiwa kitini.

"Siku moja utawakuta samaki wako wanaogelea uvunguni, mzee," jirani yao Lowell alimwambia.

"Wewe funga mdomo, ufungue bia," Hobart akajibu.

Machi theluji ikayeyuka, ardhi ikawa uji. Jumamosi moja mchana Oleta alikuwa akipakua maharage na mkate wa mahindi alipotazama tangi na kuona kitu kilichomkata maini: maji yalikuwa yameinama. Upande wa ukutani yaligusa ukingo wa kioo, upande wa sebuleni yalipungua vidole viwili. Sakafu ilikuwa inadidimia.

"Tutoe maji, Hobart. Sasa hivi."

"Samaki watakufa kwa mshtuko." Hakumtazama usoni. "Jeki moja tu, mama. Jeki moja na gogo la kukingama. Mimi nitakuelekeza nikiwa huku juu."

Oleta alijua ni upumbavu. Alijua pia kwamba Hobart alikuwa amekwisha kushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto ili usicheze. Heri nusu shari, akajiambia, akachukua tochi, jeki, ubao na gogo.

Akang'oa kipande cha plastiki kinachoziba uvungu, akaingia kwa tumbo. Nafasi yenyewe haikufika hata urefu wa kiti. Tope lilikuwa baridi, likampenya hadi kwenye kitovu. Alipofika chini ya tangi akajigeuza chali, akamulika, akatamani asingemulika. Boriti tatu zilikuwa zimepinda kama upinde, na moja ilikuwa na ufa mweupe, mpya. Tani nzima ilikuwa juu ya pua yake, naye akasikia pampu ya samaki ikinguruma taratibu kama haijui lolote.

Akaweka ubao juu ya tope, jeki juu ya ubao, gogo juu ya jeki, na ncha ya pili ya gogo juu ya tofali. Akaanza kupampu. Boriti ikalia. Akapampu tena. Sakafu ikainuka unywele mmoja, naye akaanza kupumua.

Ndipo ubao ulipozama. Jeki ikalala ubavu, ikaruka, na gogo likashuka na boriti mgongoni, likambana bega la kushoto kwenye tope. Kitu kikalia ndani ya bega. Tofali la upande wa pili ndilo pekee lililozuia gogo lisimpasue kifua, na tofali hilo nalo lilianza kuinama.

Akafungua mdomo apige ukelele. Akausikia mguu wa Hobart.

Hatua moja. Mbili. Alikuwa amesikia kishindo na anakuja. Ndivyo alivyo Hobart, kitu kikianguka hukimbilia pale pale. Kilo mia na thelathini zingesimama kando ya tangi, juu ya boriti yenye ufa.

"Simama hapo!" akaita, lakini sauti ilitoka nyembamba, na mashine za mgodini zilikwisha kuyala masikio ya mumewe. Hatua ya tatu. Vumbi likamwangukia machoni. Oleta akaona kifo chake waziwazi, akaogopa hivi kwamba akajikojolea, naye hakuona haya.

Simu. Ilikuwa kwenye mfuko wa kulia. Ya Hobart ilikuwa ikichajiwa chumbani, mwisho kabisa wa nyumba. Akapiga huku vidole vikiteleza kwa tope. Juu, hatua zikasita. Simu ikalia, ikalia. Kisha hatua zikageuka, zikaondoka kuelekea chumbani, na Oleta akazihesabu moja moja.

"Oleta? Kishindo gani hicho?"

"Nisikilize, mpenzi. Toka kwa mlango wa chumbani. Usirudi sebuleni. Mwite Lowell."

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Unasema uongo."

"Nasema uongo. Toka!"

Lowell alikuja mbio na soksi moja. Hakuingia ndani. Aliegemeza ngazi ukutani, akavunja kioo cha dirisha kwa nyundo, akatumbukiza mpira wa maji ndani ya tangi, na kuvuta maji kwa mdomo mpaka yakamjaa kooni.

"Vuta mpira mpaka barabarani!" Oleta akapiga kelele. "Maji yasije huku!"

"Nimekuelewa, mama, tulia!" Akatema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilisema mimi!"

"Litavunjika lako nikitoka!"

Lakini mpira ulikuwa mwembamba. Ingechukua nusu saa na zaidi. Tofali likatoa mlio, na ujasiri wote ukamwishia. Akaanza kulia kama mtoto.

Mwanga wa pale alipong'oa plastiki ukazibika. Mtu alikuwa akijiburuta ndani, akihema kama ng'ombe anayezaa, akisukuma mbele yake vipande vya mbao.

"Hobart, rudi! Rudi, moyo wako hautaweza!"

Hakurudi. Macho alikuwa ameyafumba kabisa. Alipapasa mpaka akamgusa mguu, kiuno, shavu. Kisha, bila kufumbua macho, akaanza kupanga vipande viwili hivi, viwili vikikingama, viwili hivi, kama walivyopanga mgodini kushikilia paa, mpaka rundo likaibusu boriti kando ya kichwa cha mkewe. Mikono haikutetemeka hata kidogo.

"Ongea," akasema. "Usininyamazie. Tulikuwa watatu kule. Wenzangu walikuwa wakiniitikia, halafu wakanyamaza."

Hakuwahi kumwambia hayo. Basi Oleta akaongea. Aliongea juu ya maharage, juu ya dada yake na mapazia yake ya njano, juu ya lolote lililomjia, meno yakigongana, na Hobart akasema "ndiyo" kila baada ya muda, na juu yao maji yakashuka inchi kwa inchi.

Boriti ikainuka. Gogo likaliachia bega. Oleta akajiburuta kwa mkono mmoja, akatoka juani, Lowell akamdaka.

"Asante Mungu," Lowell akasema. "Na mzee?"

Oleta akageuka. Hobart hakuwa nyuma yake. Akamulika: amelala vilevile, macho yamefumbwa, mikono imekumbatia lile rundo la mbao. Akamwita kwa jina. Akamwita tena. Wala "ndiyo" hakuipata.

"Maji bado yapo nusu," Lowell akasema polepole. "Na mimi siwezi kupita pale, mama. Mzee amejaza njia, mabega yangu hayapenyi."

Oleta alisimama pale. Mwili wake wote ulikuwa unakataa, na kama mtu angemwambia kwa upole "kaa chini", angekaa. Hakuna aliyemwambia. Akapiga magoti kwenye tope, akaufunga mkono mbovu kifuani kwa skafu, akaingia tena.

Akalala ubavu wake, pua kwa pua. Hobart alikuwa baridi. Alikuwa akipumua.

"Mimi nimetoka," Oleta akamwambia sikioni. "Nilifika mpaka nje. Nimekuja kukuchukua wewe."

Akamwekea kiganja shavuni. Kisha Hobart akalia, sauti ya chini, mbaya, ya miaka ishirini na miwili, na kidole kimoja kikaachia mbao. Oleta akakishika kabla hakijarudi, akasubiri cha pili.